Ushuru wa Paneli za Jua na Malezi ya Viwanda

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa merikani ni nini. Nguo ile ya pamba, nzito na isiyotiwa rangi, ilishushwa Unguja katika karne ya 19 kutoka katika merikebu za Salem, mji wa jimbo la Massachusetts, ikafungwa mitumba, ikabebwa na wapagazi wa Kinyamwezi hadi Tabora na Ujiji, na kote huko ikatumika kuwa vazi na kuwa fedha pamoja. Aliyeipima kwa mkono dukani Bagamoyo hakuwa na sababu ya kuuliza viwanda vilivyoifuma vililelewa kwa sheria gani. Lakini sisi leo, tunaotaka kuzungumza juu ya ushuru wa paneli za jua, hatuna budi kuuliza, kwa kuwa hoja zilizotolewa mjini Washington katika miaka hii ya karibuni juu ya paneli ziliwahi kutolewa katika mji huo huo, na takriban kwa maneno hayo hayo, juu ya nguo ya pamba.

Desemba 1791 Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, alipeleka mbele ya Bunge la nchi yake taarifa juu ya viwanda, akashikilia kwamba kiwanda kichanga hakiwezi kusimama mbele ya kile kilichokwisha kukomaa ng'ambo bila ya msaada wa dola. Ni kawaida ya watu kumtaja Hamilton kuwa ndiye baba wa ushuru wa kulinda viwanda, na kwa kufanya hivyo humdhulumu nusu ya fikra yake. Maana katika misaada aliyoiorodhesha aliyoisifu kupita ushuru ilikuwa ni ruzuku, yaani malipo ya serikali kwa mwenye kiwanda kwa kadiri ya alichokitengeneza, kwa hujja kwamba ruzuku humtia nguvu mtengenezaji bila ya kumpandishia bei mnunuzi. Bunge lilichukua ushuru, likaiacha ruzuku. Ushuru huiletea hazina mapato, na ruzuku huyatoa. Basi si ajabu kwamba wenye kushika hazina walipendelea la kwanza, na tutaona ya kuwa upendeleo huo haukuwaacha hata baada ya miaka 200.

Alikuja kisha Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, ambaye baada ya kuzunguka Uingereza tangu mwaka 1810 hadi 1812 na kuzitazama sana mashine za kufumia, alirudi kwao na sura zake kichwani, akaanzisha na wenzake kiwanda huko Waltham, na mwaka 1816 akaenda Washington kuwashawishi wabunge. Sheria ya ushuru iliyopitishwa mwaka huo ilitoza nguo za pamba asilimia 25, ikaongeza sharti moja la ujanja mkubwa: kila yadi iliyonunuliwa kwa bei ya chini ya senti 25 ihesabiwe kana kwamba imegharimu senti 25. Nguo ya Bara Hindi iliyokuwa na thamani ya senti 10 ilitozwa kwa hesabu hiyo senti 6 na robo, ambayo ni zaidi ya asilimia 60 ya thamani yake ya kweli, na katika muda mfupi nguo nyepesi ya bei rahisi kutoka Bara Hindi ikafungiwa mlango wa Marekani. Viwanda vya Massachusetts vilikuwa tayari vimekwisha kusimama, vina mashine, vina mto wa kuzizungusha, vina pamba ya kusini iliyolimwa kwa jasho la watumwa, na soko la watu waliozidi kila mwaka. Ushuru haukuviumba, uliviongezea wasaa.

Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Edmund Roberts kwa niaba ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan walitia sahihi mkataba wa urafiki na biashara, na katika mkataba huo Wamarekani wakahakikishiwa kwamba shehena zao zitakazoshushwa katika bandari za Sayyid hazitatozwa zaidi ya asilimia 5. Uingereza ikapata sharti kama hilo mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Basi nchi iliyowatoza wafumaji wa Bara Hindi zaidi ya asilimia 60 ilijipatia Unguja asilimia 5 isiyoweza kupandishwa, na mfumaji yeyote wa pwani hii, hata lau angalikuwa na ustadi wa kupita wote, hakuwa na dola yenye ruhusa ya kumlinda. Sisemi kwamba Unguja ingalikuwa mji wa viwanda vya nguo kama Manchester ya Uingereza lau si mkataba huo. Nasema kwamba mlango wa kujaribu ulifungwa kwa wino, na walioufunga ni watu waliojua vyema faida ya kuuacha wa kwao wazi.

Tuache nguo sasa, tuje katika jua. Tarehe 25 Aprili 1954 mafundi watatu wa maabara ya Bell katika jimbo la New Jersey, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha mbele ya watu seli ya silikoni iliyogeuza kiasi cha asilimia 6 ya nuru ya jua kuwa umeme. Ilikuwa ghali mno hata ikawa haina mnunuzi hapa duniani, na mnunuzi wake wa kwanza wa maana alikuwa angani: chombo cha Vanguard 1, kilichorushwa Machi 1958, kilipata nguvu za redio yake moja kutoka kwa jua. Mafuta ya petroli yalipopanda bei mwaka 1973, seli hiyo ikashuka ardhini. Solarex ilianzishwa Maryland mwaka huo huo na wahandisi wawili waliotoka katika kazi za vyombo vya angani, na Arco Solar, mali ya kampuni ya mafuta, ikajenga kiwanda California. Kwa muda Marekani ilikuwa ya kwanza duniani katika kazi hii, na hakuna aliyefikiri kuilinda, kwa sababu hapakuwa na wa kushindana nayo.

Kilichoiponza haikuwa ushuru wala kukosekana kwa ushuru, bali ni subira fupi ya wenye mtaji pamoja na kigeugeu cha serikali. Mafuta yaliporudi kuwa rahisi, misaada ya serikali ya miaka ya 1970 ikaondolewa, na viwanda vikauzwa mkono kwa mkono: Arco Solar ikawa ya Siemens ya Ujerumani, kisha ya Shell, kisha mwaka 2006 ya SolarWorld, nayo ya Ujerumani, Solarex ikaangukia mikononi mwa BP, na mwaka 2010 kiwanda chake cha Frederick kikaacha kutengeneza. Wajerumani walikuwa wamefanya jambo ambalo Wamarekani hawakulifanya. Kwa sheria ya mwaka 2000 walimhakikishia kila mwenye paneli juu ya paa lake bei maalumu ya umeme wake kwa muda wa miaka 20, na kwa ahadi hiyo wakaumba soko ambalo halijapata kuwapo popote. Walioliona soko hilo kwa macho makali kuliko wote walikuwa Wachina. Shi Zhengrong, aliyesoma Sydney kwa Profesa Martin Green, alirudi kwao akaanzisha Suntech katika mji wa Wuxi mwaka 2001 kwa mtaji uliosaidiwa na serikali ya mji, na wengine wakamfuata kwa makumi, wakipewa ardhi, mikopo na umeme kwa masharti mepesi, wakinunua mashine zao Ujerumani na Marekani na kuziuza paneli huko huko. Mwaka 2008 wati moja ya paneli iliuzwa karibu dola 4. Mwaka 2012 ilikuwa chini ya dola 1.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza kwa ghadhabu. Katika mwezi mmoja wa Agosti 2011 Evergreen Solar ya Massachusetts ilitangaza kufilisika, na Solyndra ya California, iliyokuwa imedhaminiwa na serikali mkopo wa dola milioni 535, ikafunga milango. Oktoba ya mwaka huo SolarWorld, iliyokuwa na kiwanda huko Hillsboro katika jimbo la Oregon, ilipeleka mashtaka ikidai mambo mawili: kwamba Wachina wanauza chini ya gharama, na kwamba wanauza hivyo kwa sababu dola yao inawalipia. Wizara ya Biashara ya Marekani ilikubali madai yote mawili, na mwaka 2012 ikaweka ushuru wa namna mbili juu ya seli za China, mmoja wa kuzuia uuzaji wa chini ya gharama, uliotoka asilimia 18 na kufika karibu asilimia 250 kwa kampuni zisizojitetea, na mwingine wa kufidia ruzuku, wa kiasi cha asilimia 15.

Tazama sasa jinsi bidhaa isivyofuata amri. Ushuru uliandikwa juu ya seli. Basi viwanda vya China vikanunua seli Taiwan, vikazifunga katika paneli kwao, na paneli hizo zikaingia Marekani kama kwamba hazihusiki. Ilibidi mashtaka mapya, na uamuzi mpya mwishoni mwa mwaka 2014. Viwanda vikahamia Malaysia, Vietnam, Thailand na Kambodia. China nayo ikalipiza kisasi kwa kuitoza polisilikoni ya Marekani, ambayo ndiyo malighafi ya seli, ushuru uliofika asilimia 57. Na kiwanda kikubwa cha REC Silicon cha Moses Lake katika jimbo la Washington, kilichokuwa kikiishi kwa kuwauzia Wachina, kikanyongea mwaka hadi mwaka mpaka mwaka 2019 kikasimamisha kazi hiyo. Kwa hiyo ushuru uliowekwa kwa nia ya kumwokoa fundi wa Oregon ulimkosesha riziki fundi wa jimbo la jirani, aliyekuwa juu zaidi katika mnyororo ule ule wa kazi.

Na fundi wa Oregon mwenyewe hakuokoka. Aprili 2017 Suniva, kampuni ya Norcross katika jimbo la Georgia, ilifilisika, na siku chache baadaye ikaomba hifadhi kwa kifungu cha 201 cha sheria ya biashara ya mwaka 1974, kifungu ambacho hakimtaki mlalamikaji athibitishe udanganyifu wa mtu yeyote, bali aonyeshe tu kwamba bidhaa za nje zimemdhuru sana. Mwezi Mei SolarWorld ya Ujerumani ikafilisika nayo, na tawi lake la Marekani likajiunga na ombi hilo. Jambo lililotajwa sana katika mabishano ni kwamba mwenye hisa nyingi katika Suniva alikuwa ni kampuni ya China, na wala kampuni hiyo haikupenda mashtaka hayo; yaani wawili waliosimama kudai ulinzi wa kiwanda cha Kimarekani, mmoja alimilikiwa na Wachina na mwenziwe na Wajerumani. Mimi silioni hilo kuwa ni kosa lao. Kibarua wa Norcross alikuwa ni Mmarekani, mshahara wake aliutumia Georgia, na ustadi wa mikono yake ungalibaki Georgia hata kama faida ingalikwenda China.

Hoja za upande wa pili zilikuwa na uzito mkubwa. Mwaka 2016 kazi ya umeme wa jua iliajiri kiasi cha watu 260,000 katika Marekani, na walioajiriwa viwandani walikuwa kama 38,000 tu, na wengi katika hao walitengeneza fremu, nguzo na inveta, si seli wala paneli. Waliobaki walikuwa mafundi wa kupanda juu ya mapaa, wachoraji wa mitambo, wauzaji, na wajenzi wa mashamba makubwa ya paneli jangwani. Suniva iliomba seli zitozwe senti 40 kwa kila wati na paneli zisiuzwe kwa chini ya senti 78, katika wakati ambapo paneli ilikuwa ikipatikana sokoni kwa chini ya senti 40. Chama cha kampuni za jua kilipiga kelele kwamba bei hiyo itawaua wateja. Septemba 22, 2017, makamishna wanne wa Tume ya Biashara ya Kimataifa walikubaliana wote kwamba madhara yapo, na Januari 2018 Rais Donald Trump akaamua: asilimia 30 katika mwaka wa kwanza, ikishuka kwa 5 kila mwaka hadi 15 katika mwaka wa nne, na seli za gigawati 2.5 kila mwaka ziingie bila ya ushuru huo ili wenye kuzifunga kuwa paneli wapate malighafi.

Ni haki kusema kwamba uamuzi huo ulizaa kitu. Hanwha ya Korea ya Kusini ilijenga kiwanda cha paneli huko Dalton, Georgia, na JinkoSolar ya China ikafungua kimoja Jacksonville, Florida. Lakini ni haki pia kusema kilichojengwa ni kipi. Paneli ina ngazi zake: mchanga husafishwa kuwa polisilikoni, polisilikoni huyeyushwa na kukatwa vipande vyembamba, vipande hufanywa seli, na seli hufungwa baina ya kioo na karatasi ya nyuma ndani ya fremu ya alumini. Ngazi ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote kuijenga, na ndiyo iliyojengwa. Ngazi za juu hazikurudi. Baada ya mwaka 2020 Marekani ilikaa miaka kadhaa bila ya kiwanda cha seli za silikoni chenye kufanya kazi, na Suniva, ambayo jina lake lilikuwa katika mashtaka, ilibaki imefungwa katika miaka yote minne hiyo ya ushuru ulioombwa kwa ajili yake. Kampuni iliyostawi kuliko zote, First Solar yenye viwanda Ohio, hutumia tabaka jembamba la kadimi na teluri badala ya silikoni, na ilikuwa imekwisha kusimama kwa ubunifu wake.

Mwaka 2022 mambo mawili yalitokea karibu karibu. Kampuni ndogo ya California, Auxin Solar, iliomba uchunguzi juu ya paneli za nchi nne za Asia ya Kusini Mashariki, na kwa kuogopa ushuru wa kurudi nyuma miradi mingi ikasimama, hata Juni Rais Joe Biden akalazimika kuahirisha ushuru wowote wa namna hiyo kwa miaka miwili. Kisha Agosti 16 akatia sahihi sheria iliyompa mtengenezaji senti 7 kwa kila wati ya paneli na senti 4 kwa kila wati ya seli, na malipo mengine kwa vipande na kwa polisilikoni, kila ngazi na fungu lake, kwa miaka hadi mwanzoni mwa ile ya 2030. Ndiyo ruzuku ya Hamilton, iliyochelewa miaka 231. Viwanda vya paneli vikaongezeka upesi kuliko vilivyoongezeka katika miaka 10 ya ushuru, na mwishoni mwa mwaka 2024 Suniva ikafungua tena milango ya Norcross na kutengeneza seli. Atakayesema kwamba ushuru ulikuwapo wakati huo nao ukasaidia, simkatalii. Lakini ushuru ulikuwapo na kabla, na milango ilikuwa imefungwa.

Ulaya ilijaribu njia yake kwa kuwawekea Wachina bei ya chini kabisa tangu mwaka 2013, ikaiondoa Septemba 2018, na viwanda vyake vingi vikafa katika muda huo huo. Bara Hindi nayo ilianza Aprili 2022 kutoza paneli asilimia 40, lakini ina soko la ndani kubwa na fungu la ruzuku, na hesabu yake si hesabu yetu.

Hesabu yetu ni ipi? Huku kwetu jua liliingia kwa mkono wa mnunuzi mdogo. Mwaka 1984, pande za Mlima Kenya, shule ya Harambee ya Karamugi ilifungiwa taa za jua kwa juhudi za Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, na mafundi waliofunzwa katika kazi za namna hiyo wakaenda kuwafungia wakulima wa chai na kahawa paneli ndogo za wati zisizozidi 20, zenye kutosha taa mbili tatu na televisheni, nao wakulima wakalipa kwa fedha zao. Soko hilo lilikua kwa sababu paneli ilizidi kushuka bei. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ikaviweka vifaa maalumu vya umeme wa jua katika jedwali la vitu visivyotozwa ushuru, na hata hivyo Kenya ilipoondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2013, na tena mwaka 2020, kilio cha wafanyabiashara na wanunuzi kilikuwa kikubwa hata msamaha ukarudishwa mara zote mbili katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Mwaka 2011 kilifunguliwa Naivasha kiwanda cha kufunga paneli, shirika la kampuni ya Kiholanzi na watengenezaji wa betri wa Nairobi, kikitumia seli kutoka nje na mikono ya vijana wa Kenya. Kiwanda kama hicho kinapodai ulinzi, mtu mwenye kuipenda nchi yake huona vigumu kukikatalia. Nami nasema kisikataliwe, lakini kisipewe ule ulinzi uliowashinda Wamarekani. Paneli kamili ikitozwa asilimia 25 Mombasa au Dar es Salaam, atakayelipa ni mjane wa Singida anayenunua taa ya kwanza nyumbani mwake, na kitakacholindwa ni ngazi ile ya mwisho peke yake, maadam polisilikoni wala seli hatuna. Kinyume cha hayo, ikiwa paneli kamili inaingia bure ilhali kioo, fremu na waya vinavyonunuliwa na kiwanda hicho vinatozwa, basi sheria yetu wenyewe inamtoza faini anayejenga kwetu na kumsamehe anayejenga kwingine, na dhuluma hiyo haina mtetezi.

Mawaziri wa fedha wa Jumuiya hushauriana kila mwaka kabla ya bajeti za Juni juu ya viwango vya ushuru wa pamoja. Ombi langu kwao ni kwamba sifuri iliyo juu ya paneli waiache ilivyo. Wafute ushuru wa kila kitu kinachoingia katika kutengeneza paneli, betri na inveta. Na wakitaka kukilea kiwanda, wakilipe waziwazi kutoka hazina kwa kila wati kinachoitoa, kwa miaka iliyotajwa idadi yake tangu mwanzo, ili mwananchi ajue gharama ya malezi hayo ni kiasi gani na yatakwisha lini.